Jinsi ya Kushindilia Risasi za Nagant na Kubaki na Vidole Kumi

Hatua ya 1: Hakikisha kweli unaitaka kazi hii

Ziko bastola za silinda ambazo risasi zake zinapatikana karibu kila duka la silaha Marekani. Nagant ya mwaka 1895 haimo katika orodha hiyo. Ilibuniwa na Léon Nagant wa Liège, Ubelgiji, jeshi la Urusi likaipokea mwaka huohuo, na tangu 1898 kiwanda cha Tula kikaitengeneza kwa wingi. Baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, wakusanyaji wa silaha Marekani walizinunua kwa bei ya kutupa. Bastola zikajaa, risasi zikawa adimu. Ndipo wapenzi wake wakaanza kushindilia risasi zao wenyewe nyumbani, na ndipo Bwana Haraka, yule mpenda njia za mkato aliyeko katika kila kundi, naye akajitosa. Mwongozo huu unamsema yeye waziwazi, maana amewaharibia wenzake silaha nzuri.

Kabla ya yote, sheria. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamruhusu mtu kushindilia risasi za matumizi yake mwenyewe bila leseni. Akitaka kuziuza, lazima awe nayo. Tanzania na Kenya, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai. Bwana Haraka akikuuliza, "Nani atajua?", mjibu kwamba mlio unasikika mtaa mzima.

Hatua ya 2: Ielewe bastola kabla ya kuilisha

Kwenye bastola nyingi za silinda kuna mwanya mdogo kati ya silinda na mtutu, na gesi ya baruti hutorokea hapo. Nagant haikubali wizi huo. Nyundo inapovutwa nyuma, silinda nzima husogea mbele na kubana kwenye mtutu. Risasi yenyewe imeumbwa kwa kazi hiyo: ganda lina urefu wa karibu milimita 39, na kichwa cha risasi kimezama chote ndani yake. Mdomo wa ganda umebanwa, umetokeza kidogo mbele ya silinda, na huingia ndani ya mtutu. Baruti ikiwaka, mdomo hutanuka na kuuziba mwanya.

Ustadi huo una gharama. Kifyatuo cha Nagant ni kizito mno, kwa sababu kidole kimoja kinainua nyundo na kuisukuma silinda kwa pamoja. Usikimbilie kukata springi ili kukilainisha. Fanya mazoezi ya kidole.

Hatua ya 3: Tafuta ganda la haki

Ganda la haki ni lile lenye urefu kamili. Kiwanda cha Prvi Partizan cha Užice, Serbia, hutengeneza risasi za Nagant ambazo maganda yake yana tundu moja katikati ya kitako, kwa hiyo fataki (kile kikombe kidogo cha kuwashia baruti) iliyokwisha kutumika inasukumwa nje kwa pini bila shida. Nunua boksi, fyatua, kisha okota kila ganda. Piga magoti. Ingia nyasini. Anayeona haya kutambaa kwenye uwanja wa shabaha achague bastola nyingine.

Maganda ya zamani ya Kisovieti yana matundu mawili madogo, na pini ya kawaida ikilazimishwa humo huvunjika. Pia fataki zake huacha chumvi inayokula chuma. Ukifyatua risasi hizo, safisha mtutu kwa maji siku ileile, ukaushe, ndipo upake mafuta.

Bwana Haraka ana njia zake za mkato. Ya kwanza ni kutumbukiza risasi ya .32 S&W Long. Ganda lake lina milimita 23 tu, tena ni jembamba kwa tundu la silinda, kwa hiyo huvimba na pengine kupasuka. Ya pili ni kuchonga ganda la .32-20 Winchester ili ukingo wa kitako uingie. Hiyo ni kazi ya fundi, na ina heshima yake, ila ganda bado ni fupi kwa milimita 5 hivi na halifiki kwenye mtutu. Anayeufuata mkato huo ana bastola inayolia, lakini kile kilichoifanya Nagant iwe Nagant amekitupa.

Hatua ya 4: Safisha meza, na watu pia

Zima simu. Mtoe shemeji mwenye hadithi ndefu. Vaa miwani ya kinga. Juu ya meza pawe na kopo moja tu la baruti, lenye lebo yake, kwa sababu baruti mbili tofauti zinaweza kufanana kwa macho na kutofautiana kabisa kwa nguvu.

Hapa hutapewa kipimo hata kimoja cha baruti. Kipimo kinatoka kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti hiyohiyo, na unaanzia kiwango cha chini. Rafiki mwenye kipimo kichwani msikilize kwa adabu, kisha fungua kitabu.

Hatari kubwa ya Nagant iko kwenye urefu wa ganda. Kipimo sahihi cha baruti ya bastola hukaa chini kabisa, hivyo hata ukimimina mara mbili kwa kusahau, ganda halifuriki na halikuonyi. Panga maganda yote kwenye kibao chenye matundu, yajaze, kisha mulika tochi ndani ya kila moja na ulinganishe kina. Usikalishe kichwa cha risasi hata kimoja kabla macho yako hayajapita kote.

Hatua ya 5: Zamisha, bana, jaribu

Kichwa cha risasi kizame mpaka ncha yake iwe chini ya mdomo wa ganda. Kisha bana mdomo polepole kwa kalibu yake. Ukibana kidogo mno, mdomo utagonga ukingo wa mtutu na silinda itagoma kwenda mbele. Ukizidisha, ganda litachoka na kupasuka mapema. Itoe silinda kwenye bastola na uijaribu kila risasi humo: iingie kwa uzito wake yenyewe, mdomo wake utokeze mbele kidogo.

Hatua ya 6: Andika, na uwe tayari kubomoa

Kila boksi liandikwe tarehe, aina ya baruti, kipimo, fataki na kichwa cha risasi. Shaka ikikuingia kuhusu risasi moja, usiitafute hiyo moja kwa kubahatisha. Bomoa kundi zima kwa nyundo ya kung'olea vichwa na uanze upya. Bwana Haraka ataita huko kupoteza jioni. Na iwe hivyo. Risasi ambayo huwezi kusema kwa hakika ndani yake kuna nini, haifai kuingia kwenye silinda.