Povu la Mkwe

Jumatatu

Baba mkwe anatua Jumamosi. Mke wangu ametangaza kwamba zawadi ya dukani si zawadi, ni risiti iliyofungwa utepe. Mzee inabidi apewe kitu kilichotoka mikononi mwa mkwewe. Mikono yenyewe haikuulizwa.

Nimependekeza sabuni ya kunyolea ndevu. Mzee ni mtu wa brashi na wembe tangu alipokuwa fundi wa matrekta kwenye mashamba ya mkonge, Tanga. Miaka yote hiyo amekuwa akikoroga povu kwa kipande cha sabuni ya kufulia ndani ya kikombe cha bati. Uso wake umevumilia. Niliona unastahili kiinua mgongo.

Tatizo ni muda. Sabuni inayochanganywa baridi hukaa wiki nne hadi sita ikikauka na kukomaa kabla haijafaa kupakwa usoni. Imebidi nichague njia ya kupika, ambapo kostiki humalizwa nguvu jikoni na sabuni ikatumika ndani ya siku chache. Mke wangu ameuliza kwa nini sikuanza Oktoba. Oktoba zawadi ya dukani ilikuwa bado zawadi.

Jioni nimeshuka barabara ya Danforth, hapa Toronto, kununua mafuta ya nazi. Kati ya mitaa ya Victoria Park na Main maduka mengi ni ya Wabangladeshi, na mafuta hayo hayakosekani. Ila nje ni nyuzi mbili chini ya sifuri, na mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Yamo kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, nayo ni magumu kabisa. Mwenye duka amenishauri niyapashe moto, akamgeukia mteja mwingine.

Foleni haikusogea. Bwana aliyekuwa mbele yangu alinunua samaki mzima wa hilsa na akataka akatwe mbele ya macho yake. Kila pande liliinuliwa, likatazamwa kwenye mwanga, likajadiliwa kwa Kibangla, kisha likatiwa mfukoni. Mkia ulijadiliwa mara mbili. Walioelewa mjadala walionekana kuridhika.

Jumanne

Sabuni ya kunyolea haitengenezwi kwa kostiki soda peke yake. Kostiki soda, yaani sodiamu haidroksaidi, hutoa kipande kigumu cha kuogea. Anayetaka povu zito la kukorogwa kwa brashi huhitaji pia ndugu yake, potasiamu haidroksaidi, ambaye hutoa sabuni laini inayoyeyuka upesi. Yule wa kwanza anauzwa duka la vifaa kwa kuzibulia mabomba. Huyu wa pili nilimwagiza jana usiku kwa kampuni inayoahidi kufikisha mzigo kesho yake.

Nimeshinda nyumbani nikisubiri. Mchana nimesikia hatua kwenye korido, nikafungua mlango. Hapakuwa na mtu. Karatasi ilikuwa imebandikwa: tumekuja, hukuwepo. Gundi ilikuwa bado inanata. Mleta mzigo nilimwona kwa mbali, milango ya lifti ikimfungia. Alinipungia mkono.

Mzigo umehamishiwa kaunta iliyo nyuma kabisa ya duka la dawa. Kaunta ina dada mmoja, anayeuza pia stempu na kupokea vifurushi vya watu wanaorudisha viatu. Watu wa viatu ni wengi kuliko nilivyodhani. Nimesoma maelezo yote ya dawa ya kikohozi, pamoja na onyo kwa wajawazito.

Zamu yangu imefika. Mzigo umeandikwa jina la ukoo kwanza. Kitambulisho changu kinaanza na jina langu mwenyewe. Dada ametazama hiki, akatazama kile, akaniuliza kama namfahamu huyo mtu mwingine. Nimesema tunaishi pamoja.

Ameuliza ndani mna nini. Nimejibu, sabuni. Ameona kibandiko chenye picha ya mkono unaoliwa na matone, akausogeza mzigo kwangu kwa ncha ya kalamu. Asante sikuambiwa.

Jumatano

Kostiki haielewani na alumini. Ikiigusa inaila, na hapo hutoka hewa ya haidrojeni, ambayo nayo huwaka. Sufuria zetu ni za alumini, zimetoka Tanga zikiwa zimepachikwa moja ndani ya nyingine, na uzito wa ziada ulilipiwa. Ya stenlesi ni moja tu. Hiyo ndiyo ya pilau. Mazungumzo ya kuiazima yamechukua jioni nzima na kuzaa masharti, likiwamo la kununua nyingine.

Katika mazungumzo hayo nimekumbushwa kwamba wanawake wa Paje, Unguja, hutengeneza sabuni ya mwani na kuwauzia watalii, na hakuna aliyewahi kusikia kwamba wameharibu pilau ya mtu. Sikuwa na takwimu za kupinga.

Wakongwe wa fani hii husifu shahamu ya ng'ombe. Kinachouma ni kwamba tunaishi kwenye shamba la ng'ombe. Kabla ya mtaa wetu wa Crescent Town hapa palikuwa Dentonia Park, shamba la maziwa la Walter Massey, wa ukoo uleule ambao jina lake limebaki kwenye matrekta ya Massey Ferguson. Maziwa yake yalinywewa mjini Toronto. Treni ilifika Victoria Park mwaka 1968, na haikuchukua muda maghorofa nayo yakainuka. Ng'ombe hawakupangiwa chumba.

Badala ya shahamu natumia asidi ya steariki, ile nta nyeupe ya punje inayotiwa kwenye mishumaa. Mara nyingi hutokana na mawese. Yaani imetoka kwenye joto, kama sisi, na imefika hapa imekauka.

Alhamisi

Nimeomba ruhusa ya nusu siku kazini. Nimeandika sababu: masuala ya ukweni. Msimamizi ametia saini bila maswali. Nadhani naye ana wakwe.

Itifaki ya kazi hii ni moja. Kostiki ndiyo hutiwa kwenye maji. Ukitia maji kwenye kostiki, yanaruka. Kazi hiyo nimeifanyia kwenye kibaraza cha ghorofa ya 14 ili mvuke uende zake. Nimevaa glavu za kuoshea vyombo na miwani ya kuogelea ya binti yetu, yenye picha za pomboo. Maji yalikuwa ya baridi sana. Baada ya muda mfupi jagi halikushikika kwa joto. Jirani wa kibaraza cha pili amenitazama, akaingia ndani, akavuta pazia.

Vipimo havina mzaha. Mafuta ni gramu 500: steariki 250, nazi 125, nyonyo 125. Steariki ndiyo inayolifanya povu liwe zito na likae. Nazi huleta mapovu makubwa, lakini ikizidi hukausha ngozi. Nyonyo hulilainisha povu. Potasiamu nayo haiji safi. Kwa kawaida ni asilimia 90 hivi, maana hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo hesabu hufanywa upya. Nimefanya hesabu upya. Mizani imezima ikisoma gramu 231. Betri zilipatikana kwenye rimoti.

Steariki huyeyuka ikikaribia nyuzi 70, na ikikutana na kostiki haisubiri mtu. Imeshikana papo hapo. Mwiko umesimama wima katikati ya sufuria bila kushikwa. Maelekezo yalisema itafikia hatua ya viazi vilivyopondwa. Imefikia. Hapo ndipo kengele ya moto ya jengo ilipolia.

Si mimi. Naomba hilo lieleweke. Nimezima jiko, nikafunika sufuria, nikateremka ngazi pamoja na umma wa ghorofa zote za juu yangu. Njiani hakuna aliyenisemesha. Nje, mtoto mmoja ameniuliza kama bwawa limefungwa. Ndipo nilipokumbuka miwani.

Wazima moto wamefika, wamepanda, wameshuka. Mtu wa ghorofa ya tisa alikuwa ameunguza mkate. Hakutajwa jina, na alikuwa amevaa vizuri tu.

Lifti moja ndiyo iliyorudi kufanya kazi. Foleni imepinda hadi kwenye masanduku ya barua. Wazee wametangulia, kisha vigari vya watoto, kisha mama mwenye paka ndani ya kikapu, kisha watu waliosema wanamfahamu paka. Nilipofika juu sufuria ilikuwa imepoa na mwiko umeganda humo. Nimeuvuta. Umetoka mpini.

Kuilainisha tena juu ya maji ya moto kumekula alasiri yote. Mwishoni nimetia gliserini, ili ngozi isikauke, na matone machache ya mafuta ya karafuu, kwa heshima ya pwani. Machache, kwa sababu yakizidi huwasha. Mke wangu ameingia, amevua viatu, amesimama. Amesema nyumba inanuka kwa daktari wa meno. Ni kweli mafuta hayohayo hupakwa jino likiuma. Nimemwambia basi Mzee atanyoa bila maumivu.

Ijumaa

Kipimo cha jadi ni ulimi. Unagusa sabuni kwa ncha yake. Kostiki ikiwa imebaki, ulimi unashtuka. Nimegusa na haukushtuka. Umebaki na ladha ya sabuni hadi chakula cha usiku, ukiwamo mchuzi.

Nimejinyoa nayo. Brashi imezunguka kidogo tu, povu likapanda, zito, jeupe, likakaa shavuni bila kudondoka huku nikitafuta wembe, na wembe ulichukua muda kuonekana. Sina la kulalamikia. Nimelitafuta.

Sabuni nimeishindilia kwenye bakuli la udongo lenye mfuniko. Mke wangu ameisifu. Halafu amekaa kwenye kochi na kuibonyeza rimoti kwa muda mrefu.

Jumamosi

Ndege imechelewa. Sanduku la Mzee ndilo lililotoka mwisho, peke yake, likizunguka. Mzee amesimama kulitazama likipita mbele yake mara ya kwanza, ili awe na hakika.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Hii baridi ni ya leo tu?"

Nimesema ni ya leo. Kesho ina yake.

Njia ya treni ilikuwa imefungwa kipande kwa matengenezo ya mwisho wa wiki, hivyo tumeshushwa tukapandishwa basi la kufidia. Basi lilikuwa la watu wote wa treni. Tumefika kwenye daraja la waenda kwa miguu linalotoka stesheni ya Victoria Park hadi kwenye majengo yetu, upepo ukitusukuma kwa nyuma. Ulikuwa msaada pekee wa siku hiyo.

Hafla ya makabidhiano imefanyika baada ya chai. Mzee amefungua mfuniko. Amenusa. Amegusa kwa kidole, akakitazama kidole. Ameuliza kama ni kweli nimeipika mwenyewe, nami nimekiri kwa unyenyekevu, nikaeleza steariki, nikaeleza potasiamu, nikafika kwenye haidrojeni.

"Mashallah," amesema. "Hii ni nzuri mno."

Ameifunika, ameiviringisha kwenye kikoi, ameitia chini kabisa ya sanduku na kufunga zipu. Itakwenda Tanga kuonyeshwa watu. Nimemweleza kwamba imetengenezwa itumike. Amenijibu kwa upole kwamba kitu kizuri hivyo hakitumiwi ovyo. Mke wangu ametikisa kichwa kukubali. Sufuria ya pilau ilikuwa imerudi mezani, ina pilau, na kila mtu amesema karafuu zimekolea.

Jumapili

Mzee ametoka bafuni amenyoa safi. Ametumia povu langu la kopo.

"Mwanangu, kile kitu ni cha ajabu. Unabonyeza tu! Hakuna hata kukoroga."

Wakati wa chai nimetaja, ili kubadili mazungumzo, kwamba hapa palikuwa shamba la Massey. Mzee ameweka kikombe chini. Massey yupi? Nikasema huyohuyo. Mtu aliyelala chini ya Massey Ferguson nusu ya maisha yake hawezi kuambiwa jambo hilo akaendelea na maandazi. Ametaka kuliona shamba.

Kilichobaki cha kuona ni bustani ya Dentonia Park na uwanja wa gofu wa mashimo 18, ambao kwa majira haya umefungwa. Tumesimama kwenye uzio. Mzee ameuliza matrekta yalilazwa wapi. Nimenyoosha kidole upande wenye upepo mdogo. Amepatazama mahali hapo kwa makini, akapiga simu Tanga, akawaeleza mafundi wenzake mmoja mmoja kwamba amelala kwa Massey. Wote walitaka kujua ukubwa wa shamba. Sabuni haikuingia kwenye ajenda. Vidole vyangu vilikufa ganzi kwenye simu ya fundi wa tatu.

Tuliporudi, mke wangu amenong'ona kwamba hajawahi kumwona baba yake amefurahi hivyo kwa zawadi. Hakusema ipi.

Kopo la povu limekwisha. Jioni nimetumwa duka la dawa kununua jingine, na mawili ya kwenda Tanga. Kaunta za mbele zilikuwa zimefungwa, tukaelekezwa kulipia nyuma. Dada amepiga bei, amenirudishia chenji, ameuliza kama yule mtu ninayeishi naye hajambo. Nimesema hajambo.