Sifa za Mteja Msumbufu wa Dagaa

Sokoni Nyegezi yupo mteja ambaye foleni nzima humwombea safari njema. Muuzaji amekwisha kujaza dagaa kwenye sado, kopo la kupimia, mfuko umefunguliwa, pesa ziko mkononi, na hapo ndipo mama huyu anaponyoosha kidole na kusema, "Mwanangu, mwaga, jaza upya." Nyuma yake mwanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT anatazama saa. Bodaboda anapiga honi kwa sababu abiria wake amekwama humo humo kwenye foleni. Mtu mmoja anatamka kwa sauti ya kusikika kwamba hapa ni sokoni, si mahakamani. Mama hajibu. Anasubiri sado imwagwe.

Mimi namsifu mama huyu, na namsifu kwa usumbufu wake wote, tangu anapogeuza kopo kulitazama kitako mpaka anapodai mizani iletwe. Anatufanyia kazi ambayo hatumlipi.

Kwanza, anajua kwamba kopo moja hutoa uzito tofauti kila linapojazwa. Walioyapima mambo haya maabara wanasema hivyo hivyo. Gololi za ukubwa mmoja zikimwagwa ndani ya chombo na kutikiswa mpaka zigome kushuka, hujaza asilimia 64 hivi ya nafasi, na inayobaki ni hewa. Zikimiminwa polepole bila mtikiso, huweza kubaki chini ya asilimia 60. Kwa macho chombo kimejaa mara zote mbili, lakini kati ya kujaa huku na kule, katika kila kilo 10 imepotea zaidi ya nusu kilo. Unga una ujanja zaidi. Kikombe cha unga wa ngano uliochekechwa huwa na gramu 120 hivi. Uchote unga huo huo kwa kukandamiza, utapita gramu 150. Haba na haba hujaza kibaba, na anayejaza ndiye anayeamua haba hizo zikae kwa kubanana au kwa kuachana.

Dagaa ndio wagumu kuliko wote. Hawana umbo la gololi. Ni warefu, wakavu, wamepinda, hushikana na kusimama wima ndani ya sado, na katikati yao hubaki mapango. Muuzaji mzoefu huwachota kwa vidole vilivyoachana na kuwadondosha kutoka juu. Rundo linapanda, linavuka ukingo, linapendeza. Mama akiigonga sado mara tatu mezani, kilele kinazama.

Pili, ametambua kwamba kopo lina mikono miwili. Yule yule anayeuza kwa kudondosha, akienda mwaloni kununua, hushindilia. Mkulima wa mikoani anaijua hadithi hii kwa jina la lumbesa: gunia lishonewe kilemba juu, na bei ibaki ya gunia moja. Mama haombi apendelewe. Anataka mkono ulionunua ndio uuze. Sijui hoja nyingine ya haki ya biashara iliyo fupi kuliko hiyo, na anaitoa bila hotuba, kwa kugonga sado.

Tatu, ana utaratibu, na utaratibu wake una heshima hata mbali na soko letu. Nchini Marekani wapo walenga shabaha wanaojaza risasi za bastola kwa mikono yao. Risasi ya milimita 9 mara nyingi huchukua baruti ya gramu 0.3 hivi, na mtambo mdogo wa mezani huipima kwa ujazo, kama sado, si kwa uzito. Ikizidi, bastola yaweza kupasuka mkononi. Ikipungua mno, kichwa cha risasi chaweza kukwama ndani ya mtutu. Kipimo kikianza kuyumba, hawalaumu baruti kwanza. Wanatazama kama tangi la juu limepungua mno, kama mkono unavuta mpini kwa nguvu ile ile kila mara, kama chembe bapa zimeshikana na kuziba njia, kama umeme tuli umezigandisha kwenye plastiki. Vipimo vya mwanzo wanavirudisha tangini. Kisha wanapima kumi kwa pamoja kwenye mizani na kugawanya, na mizani yenyewe wanaihakiki kwa jiwe linalojulikana uzito wake.

Mama wa Nyegezi hufanya hayo yote amesimama, kikapu mkononi. Anatazama kitako cha kopo kama kimebonyezwa kuingia ndani. Anataka ukingo upitishiwe kijiti, asiachiwe rundo la kukadiria. Anataka makopo yote matatu aliyonunua yajazwe kwa mkono ule ule, kisha yapimwe pamoja. Tunaoguna nyuma yake tunayaona hayo kuwa karaha. Mwenye baruti mezani angemwita mwenzake wa fani.

Nne, na hapa ndipo ninapomvulia kofia, hata mizani haimlevyi. Anajua dagaa wabichi kidogo hulemea kuliko waliokauka, na kwamba anayeuza kwa kilo hupata faida kwa kuuza maji. Anajua dagaa walioanikwa chini, badala ya juu ya kichanja, huja na mchanga, na mchanga mizani huupima kwa uaminifu mkubwa. Kwa hiyo anavunja dagaa mmoja asikie kama analia, anasugua wachache kiganjani, anapuliza, anatazama kilichobaki. Baada ya hapo ndipo anapokubali kilo iitwe kilo.

Wakala wa Vipimo, ulioanza kazi mwaka 2002, kwa miaka mingi umekuwa ukiwahimiza wafanyabiashara wauze kwa kilo, waache sado, ndoo na lumbesa. Ni haki kabisa. Lakini mkaguzi hawezi kusimama kwenye kila meza kila asubuhi. Mama anaweza, na husimama. Anayepunjwa sehemu moja ya kumi katika kila sado, akishanunua sado kumi, ameacha sado nzima mezani kwa muuzaji. Kwa nyumba inayotegemea dagaa kama kitoweo cha wiki nzima, hiyo ni mboga ya watoto. Mama anatumia dakika mbili kuizuia, na dakika hizo tunazihesabu kuwa hasara yetu.

Hasara haipo. Muuzaji aliyekwisha kumwagishwa mara moja huwa mwangalifu kwa saa nzima inayofuata, na sado zetu zinajaa vizuri bila sisi kufungua mdomo. Basi mkimkuta, msihame foleni. Simameni nyuma yake hasa, na zamu yenu ikifika ombeni kujaziwa kwa kopo lile lile, kwa mkono ule ule, na kupimiwa kwenye mizani ambayo yeye amekwisha kuifanya iletwe.