Jogoo wa Ubeti wa Pili

Mwalimu wa kwaya aliusikiliza wimbo wake hadi mwisho, akavua visikizi, akauliza swali linaloulizwa na kila mteja wa studio yangu hapa Kianyaga siku hizi: "Kijana, umetumia programu gani?"

Nikamwambia FL Studio. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyesikia mgonjwa wake kapelekwa kwa mganga. Ana mpwa wake Nairobi, River Road, mtaa uliorekodi nyimbo za Kikuyu tangu enzi za santuri, na mpwa huyo kamweleza kwamba FL ni ya biti za vijana. Kwaya ya watu wazima inataka Cubase. Cubase ina uzito, ndiyo maana besi zetu hazisikiki.

Sasa, Cubase ilizaliwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1989, na FL Studio ikatoka Ubelgiji mwaka 1997, enzi hizo ikiitwa FruityLoops. Sijawahi kusikia kwamba Mjerumani anajumlisha vizuri kuliko Mbelgiji. Na kazi yenyewe ni kujumlisha tu: sauti ikishaingia kwenye kompyuta inakuwa namba, kwa kawaida 44,100 au 48,000 kila sekunde, na kuchanganya sauti ya soprano na ya tena ni kuzijumlisha namba hizo. Mbili na mbili ni nne hata Hamburg.

Lakini Mwalimu, kama wale wa hesabu, hakubali jibu bila kuona njia. Nikaweka Cubase ya majaribio, nikapanga sauti zilezile kwa viwango vilevile bila kiungo chochote, nikatoa wimbo kwenye kila programu. Kisha nikaligeuza wimbi la mmoja juu chini na kuzicheza zote mbili kwa pamoja. Zikilingana, zinafutana.

Mara ya kwanza mwimbaji kiongozi alibaki akiimba peke yake kwa mbali. "Umesikia?" Mwalimu alisimama kabisa. "Huo ndio uzito!" Kumbe programu moja ilikuwa imepangwa kupunguza desibeli 3 kwa sauti iliyo katikati, kama ya kiongozi huyo, na nyingine haikuigusa. Sikio nalo hupenda chenye kelele zaidi na kukiita bora. Nikasawazisha mpangilio huo, nikacheza tena.

Kimya.

Mwalimu akabana visikizi masikioni. Akafuata waya kwa vidole hadi kwenye plagi.

"Sisikii kitu."

"Hiyo ndiyo tofauti, Mwalimu."

"Ipi?"

"Hiyo usiyoisikia."

Akafikiri kidogo. "Basi hiyo Cubase yako ni feki."

Nisieleweke vibaya: programu zinatofautiana. Mwangwi unaokuja na hii si ule unaokuja na ile, na ukitaka kunyoosha wimbo uende polepole bila kushusha sauti, kila moja ina hila zake, nyingine zikimfanya mwimbaji asikike kama anaimba ndani ya debe. Mtu pia hufanya kazi haraka kwenye programu aliyoizoea. Lakini hayo hayakuwa matatizo yetu.

Yetu yalikuwa haya. Chumba changu kimeezekwa mabati, na Mlima Kenya hautoi taarifa kabla ya kumwaga mvua, kwa hiyo waimbaji wa tena walirekodiwa kati ya manyunyu mawili. Jirani ana kinu cha kusaga mahindi. Wazee wa besi, kwa heshima zao, walikataa kusukumana na akina mama mbele ya maikrofoni, wakasimama mlangoni, mmoja akiwa nje kabisa. Na kwenye ubeti wa pili, baada tu ya "amina", kuna jogoo.

Mwalimu alichukua faili zake akazipeleka River Road. Mpwa akazichanganya upya kwa Cubase, kwa bidii, akipandisha sauti za chini na kung'arisha za juu. Wimbo uliporudi, wazee walikuwa bado mlangoni. Jogoo ndiye aliyefaidika: sasa ameshika sauti ya tano, na maneno yake unayapata yote.

Wenye kwaya mnaopanga kurekodi huku kwetu, njooni Februari, asubuhi, kinu kabla hakijawashwa. Wazee wa besi waje tayari kusimama mbele. Na kama jirani atakubali bei, tumchinje huyo jogoo tule kabla ya kurekodi. Programu tutachagua tukishashiba.