Sifa za Kompyuta Nene

Wasifiwao sana ni wazuri, na wazuri ndio wasiohitaji sifa. Kompyuta mpakato mpya na nyembamba ina mabango barabarani na matangazo kwenye televisheni. Ile nene, nyeusi, iliyochubuka kona, inayolala kwenye mrundo wa wenzake Kariakoo au Luthuli Avenue, haina wa kuitetea. Mnunuzi huiinua, huguna kwa uzito wake, akairudisha. Basi na isifiwe leo, tena kwa hoja moja: kwa nyumba inayotaka kuandika barua, kujaza fomu za serikali, kumsomesha mtoto na kutazama filamu usiku, kila kasoro ya kompyuta hii ni fadhila iliyokosa msemaji.

Desturi ya sifa huanza na nasaba, na nasaba yake si haba. Hii ni mtoto wa ofisi. Makampuni ya Ulaya na Marekani hununua au hukodi kompyuta kwa mamia, huzitumia miaka mitatu au minne, kisha huziondoa, mara nyingi kwa kuwa mkataba umekwisha wala si kwa kuwa zimekufa. Iliundwa imvumilie karani asiyeitunza kwa sababu si mali yake, na imtii fundi aliyeambiwa aimalize kabla ya saa sita. Ndiyo maana kwenye ThinkPad T420 ya mwaka 2011 diski hutoka kwa kulegeza skrubu moja, betri huchomoka kwa kidole gumba, na RAM huongezeka hadi GB 16. Iweke kando ya mpya ya bei ya chini kabisa: mara nyingi utakuta RAM ya GB 4 iliyolehemewa kwenye bodi na hifadhi ya GB 64, ambayo Windows imekwisha kujimegea kipande kikubwa kabla mwenye nyumba hajaweka hata picha ya harusi. Ikijaa, fundi hana cha kubadilisha. Unene unaochekwa ndio nafasi ya bisibisi.

Tuje kwenye tabia. Skrini yake hufifia ukiitazama kwa pembeni. Maana yake shemeji anayechungulia haoni salio la benki. Feni yake huvuma. Mama aliyeko jikoni hujua, bila kuinuka, kwamba homework imeachwa na mchezo umefunguliwa. Ina zaidi ya kilo mbili, kwa hiyo haizururi: huwekwa mezani ikakaa, na kila mtu wa nyumbani hujua ilipo. Mwizi naye ana macho, na kati ya kompyuta hii na simu ya mkononi hajiulizi mara mbili. Hata kibodi hufundisha. Ikitoka Ujerumani, Y na Z zimebadilishana mahali, na mwandishi wa haraka humwamkia mkubwa wake “Shikamoo, myee”. Dawa ni kuchagua mpangilio wa Kiingereza kwenye mipangilio ya kompyuta. Tangu hapo vitufe hivyo viwili husema uongo, na mtumiaji hulazimika kujifunza kuandika bila kutazama vidole, ujuzi ambao vyuo vya uhazili hutoza ada.

Watasema ni pole. Ni kweli, na chanzo mara nyingi ni kimoja: diski ya zamani, sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika huku kichwa kidogo kikitafuta faili huku na huku. Ibadilishe kwa SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, na mashine iliyowaka kwa dakika kadhaa itawaka kwa sekunde. Lakini kabla ya kumwita fundi, mtumiaji apime atakachopoteza. Upole ule humpa mtu muda wa kuinjika chai na kujiuliza kama ile barua ya hasira kwa mwenye nyumba wake ilistahili kuandikwa. Ugomvi mwingi umeishia hapo, skrini ingali nyeusi.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la usalama. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, kizazi kilichoanza 2017. T420 haimo. Hapa sifa tupu hazitoshi, na njia ni mbili. Ya kwanza ni kuweka Linux Mint, mfumo endeshi usiouzwa, ambao kwa barua, fomu na filamu hautamwangusha mtu. Ya pili ni kuchagua kuukuu iliyo changa kidogo: T480 ya 2018, ikiwa na prosesa ya kizazi cha nane, inakubali Windows 11, na ina betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa, hata ya nje ikabadilishwa bila kuzima mashine. Umeme ukikatika jioni ya kumalizia ripoti, urembo wa nyembamba iliyozibwa pande zote haumsaidii mtu.

Wapo pia wanaouliza kwa nini tuyapokee matakataka ya wengine. Swali ni la haki, ila linachanganya mizigo miwili. Kompyuta iliyokufa ni taka hata ikiwa na miezi sita, na asiyeweza kuitupa salama asiilete. Inayofanya kazi ni chombo, na kuitumia miaka mingine mitano ni kuichelewesha kufika jaani. Kwa hiyo ipimwe dukani. Iwashwe, kila kitufe kibonyezwe, kila tundu la USB lijaribiwe, chaji ichomolewe ili betri iseme ukweli wake, na BIOS ifunguliwe kuhakikisha kampuni ya kwanza haikuacha nenosiri lake humo. Muuzaji akikubali yote hayo, lipa bila kuona aibu. Akisema vitu vyake havijaribiwi, basi sifa zote zilizotajwa hapa zinakoma mlangoni mwa duka lake.