Mbanaji Mkuu wa Taswira Ahutubia Machakos

Bango la semina ya kubana picha za tovuti lilisema saa nne kamili asubuhi. Saa tano kasorobo Mtaalamu akaingia, kavaa suti ya rangi ya maziwa lala, nyuma yake kijana kabeba projekta kwa mikono miwili kama anayevusha yai la mbuni mtoni.

Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba cha nyuma ya saiba moja, hatua chache kutoka stendi ya matatu za Nairobi, mjini Machakos. Walikuwamo watu kumi na wanne, kila mmoja kalipa shilingi 500, chai na mandazi juu yake mwenyewe. Alikuwapo mama mwenye duka la vitenge, kijana anayepiga picha za harusi pale People's Park, mwalimu mstaafu anayefuga kuku wa mayai, na mzee mchongaji aliyepanda matatu alfajiri kutoka Wamunyu na begi lenye twiga wawili. Wote wana tovuti, au wako mbioni kuwa nayo, na wenye nazo wameshalalamikiwa na wateja kuwa hazifunguki.

Kadi ya Mtaalamu ina mistari saba ya vyeo. Wa kwanza ni Mbanaji Mkuu wa Taswira, Ukanda wa Ukambani. Wa tatu ni Mshauri wa Kimataifa, cheo kilichotokana na semina ya siku mbili Arusha.

"Mabibi na mabwana, wageni waalikwa," alianza, ingawa hakuna aliyealikwa, "mji huu ulikuwa makao ya utawala wakati Nairobi ni kinamasi! Mwaka 1899 reli ikafika Nairobi, ofisi zikahamia huko. Kwa nini Machakos iliachwa? Uzito! Mji ulikuwa mzito, haukubebeka!"

Mwalimu mstaafu akakohoa. Reli ilipita kwenye tambarare za Kapiti na Athi, Machakos ikabaki pembeni na vilima vyake vya Iveti, na hakuna aliyeupima mji kwa kilo. Lakini Mtaalamu si mtu wa kuzuiwa na kikohozi. Alinyoosha kidole kuelekea ukutani. "Sasa tazameni tovuti yangu, kielelezo cha wepesi."

Ukuta ukabaki mweupe. Baada ya muda zikatokea nywele. Ukumbi ukangoja. Likaja paji la uso, likasimama hapo kwa kitambo, kisha nyusi moja na nusu.

"Hii," alisema bila kutetereka, "ni mbinu ya kujenga hamu."

Hamu ilikwisha nguvu kwenye kidevu. Msichana wa saiba, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kuangalia waya wa umeme usikanyagwe, akainama kwenye laptopu, akabonyeza mara mbili tatu, akasoma kwa sauti: pikseli 6000 kwa 4000, megabaiti 11. Na kwenye ukurasa, picha yenyewe imekaa kona ya juu, kubwa kama kiberiti.

"Haiwezekani, niliipunguza mwenyewe," Mtaalamu akajibu. "Niliivuta kwa pembe hadi ikawa ndogo."

Hapo ndipo kosa la nusu ya tovuti za mitaani lilipo. Kuvuta pembe hupunguza fremu, hakupunguzi faili. Simu ya mteja inabeba megabaiti zote 11 kutoka kwenye seva, halafu inazikunja yenyewe zitoshe ndani ya kile kiberiti. Ni sawa na kuagiza lori zima la mchanga kutoka mto Athi ili ujaze kopo moja la maua, na bili ya lori umpelekee jirani. Maana bando ni la msomaji. Mwenye tovuti hulipia kuiweka tu. Anayenunua data kidogo kidogo kwa siku ndiye anayegharamia paji la uso la Mtaalamu.

Hesabu yake si ngumu. Megabaiti 11 ni megabiti 88. Mtandao ukimpa mteja megabiti 2 kwa sekunde, jambo la kawaida ukiwa ndani ya matatu jioni, uso huo unachukua sekunde 44 kufika. Simu nyingi zina skrini yenye upana wa pikseli 1080 au chini ya hapo, kwa hiyo hata ukiijaza skrini yote kwa uso huo, pikseli 6000 ni kupoteza. Ikipunguzwa hadi 1080 kwa 720, zinabaki pikseli 777,600 kati ya milioni 24, yaani chini kidogo ya moja kwa thelathini. Na hapo bado haijabanwa.

Mtaalamu alizisikiliza hesabu hizo akiwa amefumba macho, kama shemasi. Alipoyafumbua, alikuwa amepata pa kutokea.

"Mmewahi kufika Kyamwilu?"

Karibu kila mkono ukapanda. Kyamwilu, kwenye barabara inayopita kilima cha Kituluni, ndipo watu wa Machakos wanapowapeleka wageni wao: maji yakimwagwa barabarani huonekana yakipanda mlima, na gari lililotolewa gia huonekana likijiendesha kwenda juu. "Basi," Mtaalamu akanguruma, "kubana picha ni Kyamwilu! Ni nguvu isiyoelezeka, sayansi imeshindwa!"

Masikini, alikuwa amekaribia ukweli bila kujua. Kyamwilu inaelezeka. Maji pale yanashuka kama maji ya kwingine kokote. Miteremko ya pande zote na upeo wa macho usioonekana sawasawa ndivyo vinavyoidanganya akili iuone mteremko kuwa mpando. Jicho si mizani. Lina mahali linapoona vyema na mahali linaposinzia, na JPEG, umbizo lililowekwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1992, limejengwa juu ya usingizi huo.

Kwanza jicho hutofautisha mwanga na kivuli vizuri kuliko linavyotofautisha rangi. Kwa hiyo JPEG hutenga mwanga na rangi, na mara nyingi huhifadhi robo tu ya vipimo vya rangi. Kitenge cha yule mama bado kitaonekana chekundu. Pili, picha hukatwa vigae vidogo vya pikseli nane kwa nane, na kila kigae hakielezwi tena kwa pikseli mojamoja. Huelezwa kwa mchanganyiko wa mawimbi, ya taratibu kama anga linavyofifia kuelekea vilimani, na ya kasi kama nywele au majani ya mkonge kwa mbali. Mawimbi ya kasi jicho haliyahesabu. Hayo hukadiriwa kijuujuu, mengi yanageuka sifuri, na msururu wa sifuri haugharimu kitu kuufunga.

Hesabu ya mawimbi hayo ilibuniwa na Nasir Ahmed, mzaliwa wa Bangalore aliyekuwa akifundisha Kansas, Marekani. Mwaka 1972 aliomba fedha za serikali ya huko ili auendeleze utafiti wake, akanyimwa. Mmoja wa wakaguzi aliona wazo lenyewe ni rahisi mno. Akaendelea bila fedha hizo, na mwaka 1974 akalichapisha pamoja na mwanafunzi wake Natarajan na rafiki yake K. R. Rao. Leo hakuna harusi Ukambani ambayo picha zake hazipiti humo. Mtaalamu, kwa upande wake, hana wazo lolote ambalo mkaguzi angeweza kuliita rahisi.

Mzee wa Wamunyu akainua mkono. Kule kwao kuchonga si jambo la jana: husimuliwa kuwa Mutisya Munge ndiye aliyerudi na ufundi huo kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na hadi leo vinyago hutoka huko kwenda kuuzwa Nairobi, Mombasa na ng'ambo.

"Mtaalamu," alisema, "mimi nikichonga twiga, usoni napiga msasa mara tatu. Chini ya kwato nampitishia tezo tu, namwacha. Mnunuzi haangalii huko. Ndiyo hiyo?"

"Mzee wangu," Mtaalamu akajibu kwa huruma, "hili ni suala la kitaaluma."

Lakini ndiyo hiyo hiyo. Na mzee angeweza kuongeza kuwa wapo wanaopaka mti wa kawaida rangi ya viatu ukapita kama mpingo. Tofauti ni kwamba mteja wa JPEG haibiwi, anapunguziwa mzigo.

Kuanzia hapo hotuba ilishika mwendo wa gari la Kyamwilu. Mtaalamu aliagiza picha zibanwe, zikimalizika zibanwe tena, "mpaka zisalimu amri". Mpiga picha wa harusi akaguna, kwa sababu anaijua hasara hiyo: JPEG ikifunguliwa na kuhifadhiwa upya hupoteza kidogo kila mara, na kilichotupwa hakirudi. Ndiyo maana wateja humwomba awatumie picha kwenye WhatsApp kama dokumenti. Zikitumwa kama picha za kawaida hubanwa njiani, na ukizichukua hizo ukazibana tena kwa ajili ya tovuti, bibi harusi anaota vigae mashavuni. Mwenye busara huhifadhi picha ya asili kando na kubana nakala.

Mwalimu mstaafu aliuliza kuhusu orodha yake ya bei za mayai, aliyoipiga picha kwenye skrini ya kompyuta. Mtaalamu akamwambia JPEG haichagui. Inachagua sana. Kingo kali za herufi ni mawimbi ya kasi matupu, na yakikatwa, kila herufi inazungukwa na ukungu kama taa ya kibanda cha chipsi usiku wa mvua. Maandishi na nembo ni za PNG, umbizo la mwaka 1996 lisilotupa chochote. Bora zaidi, mwalimu aziandike bei zake kama maandishi tu: mayai trei moja, shilingi kadhaa, na orodha haitazidi uzito wa SMS chache.

Saa saba Mtaalamu alitangaza kuwa vyeti vitatumwa kwa barua pepe, akakusanya waya zake, akaondoka.

Msichana wa saiba ndiye aliyebaki na mzee. Alimpiga twiga picha mlangoni kwenye mwanga, akaipunguza upana hadi pikseli 1080, kisha akaifungua Squoosh, programu ya bure ya Google ya mwaka 2018 inayofanya kazi ndani ya kivinjari, picha isitoke nje ya mashine. Skrini inagawanywa kwa mstari: kushoto ya asili, kulia iliyobanwa. Akateremsha kipimo cha ubora hadi 50. Faili ikaanguka hadi kilobaiti 71.

Mzee akavaa miwani, akasogea hadi pua ikakaribia kioo. Shingo ilikuwa sawa. Mandharinyuma, ukuta wa duka la jirani, hakuijali. Kisha akagusa mahali nyuma ya sikio, pale alipoacha alama za patasi makusudi ili ionekane ni kazi ya mkono.

"Hapa umenila."

Msichana akapandisha hadi 65. Mzee akatikisa kichwa. Hadi 74, kilobaiti 118. Alama za patasi zikarudi, nyembamba, moja baada ya nyingine.

"Wacha hapo," mzee akasema, akamtoa twiga wa pili kwenye begi.