Cheti cha Kunyamaza

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Sisi kwa sisi husema tunaandika kodi, na kwa ajili ya neno hilo mjomba wangu wa Korogwe aliishi miaka minne akiamini nipo Mamlaka ya Mapato. Alikuwa ananiogopa. Siku alipojua ukweli, akaanza kunituma sigara.

Mwezi wa pili bosi akaniita. Kuna zabuni, akasema, na makabrasha yake yanataka wataalamu watatu wenye vyeti vya kimataifa. Nikamkumbusha kwamba mfumo wa mteja wetu mkubwa niliuandika mimi, na haujazimika tangu mwaka juzi. Akanitazama kwa huruma.

"Kijana, mfumo hauambatanishwi. Kinachoambatanishwa ni nakala ya cheti, yenye mhuri wa wakili."

Sikubisha. Nchi yetu tunaijua. Mwaka 2017 uhakiki ulipowakuta watumishi wa umma 9,932 na vyeti vya kughushi, hata shemeji yangu anayekaanga mihogo, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumuuliza elimu yake, alikichukua cheti chake cha kidato cha nne akakifunga kwenye mfuko wa rambo, akakilalia chini ya godoro. Rambo zimekuja kupigwa marufuku, cheti bado kimo.

Cheti nilichotakiwa kukipata mimi kinatolewa na kampuni moja kubwa ya Marekani inayokodisha kompyuta zake kwa njia ya intaneti. Ada ni dola 150. Maswali ni 65, dakika 130, na kufaulu ni alama 720 katika 1,000. Ila katika hayo 65, maswali 15 hayahesabiwi: wanayajaribia kwako waone kama yatafaa mitihani ijayo, na hawakuambii ni yapi. Yale niliyoyajua vizuri nina hakika ndiyo hayo 15. Ukifaulu, cheti kinaishi miaka mitatu, kisha kinakufa. Cha darasa la saba cha mama yangu ni cha mwaka 1976 na kina afya kuliko mimi.

Na hicho changu kina nafuu. Mwenzangu ofisini ana cheti cha Java cha Sun Microsystems, kakiwekea fremu. Sun yenyewe ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010, kwa hiyo ni kama hati ya shamba iliyotiwa saini na chifu. Mwingine alikesha miezi akiisaka MCSD ya Microsoft. Ilipofika Januari 2021 ikastaafishwa pamoja na ndugu zake MCSA na MCSE. Yeye bado anaitaja kwenye wasifu wake, kama mtu anayemtaja marehemu.

Nisiwe mchoyo wa fadhila. Kujisomea mtihani kulinifumbua macho jambo moja: miaka yote nilikuwa naipa kila programu ruhusa ya kugusa kila kitu, sawa na mwenye nyumba anayemkabidhi muosha magari ufunguo wa chumbani. Niliona aibu, nikarekebisha usiku uleule. Lakini maelezo hayo yapo bure kwenye intaneti. Dola 150 ni za kuulizwa kama umeyasoma.

Mtihani unaweza kuufanyia kituoni au nyumbani. Nikaogopa foleni ya Ubungo, nikachagua nyumbani. Nikanunua umeme wa elfu ishirini, mke wangu akaenda na mtoto sokoni. Nikapiga picha chumba pande zote nne, meza ikabaki tupu kama ya mtu aliyehamishwa, na msimamizi akawa ananitazama kupitia kamera. Asiingie mtu. Usiongee. Usichezeshe midomo. Hilo la midomo lilinitesa, maana mimi kusoma nilifundishwa darasa zima tukiimba ba, be, bi, bo, bu. Nikisoma, midomo inatembea yenyewe. Nilionywa kabla ya swali la kumi.

Swali la 41, mlangoni ikaja sauti.

"Hodi!"

Mama mkwe. Kapanda basi la alfajiri kutoka Morogoro bila kutuambia, na kuku mkononi, kuku nilimsikia.

Nikiitika, mtihani unafutwa na ada imekwenda. Nisipoitika, najulikana kuwa sina adabu mpaka Kilosa.

"Hodi wenyewe!"

Swali linauliza foleni ya ujumbe ikijaa ufanye nini. Jasho linanitoka, nimekaza midomo kama mtoto anayekataa dawa.

"Hodi jamani!"

Mara tatu zimetimia. Desturi inasema asipoitikiwa mgeni anarudi. Nikaanza kupumua. Ndipo nikasikia, kutoka dirishani, kwa sauti ya chini: "Si huyo hapo amekaa?" Kimya. Kisha kuku akalia, akaendelea kulia akienda mbali.

Nimefaulu kwa alama 741. Jioni nikampigia simu.

"Shikamoo mama."

Marahaba haikuja. Nikaeleza: nilikuwa kwenye mtihani.

"Mtihani? Mtu mzima? Sebuleni kwako?"

"Ndiyo mama. Msimamizi alikuwa ananiangalia."

"Huyo msimamizi alikuwa wapi?"

"Sijui, mama."

Akakata simu. Mke wangu, ambaye alikuwa amesikia yote, akaniuliza taratibu: "Baba Neema, hicho cheti kimekuongezea shilingi ngapi?" Nikanyamaza. Kunyamaza nimeshafuzu.

Ofisini, mfumo wa mteja ulipokwama Jumapili, aliyeuamsha ni kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo. Hana cheti cha kampuni yoyote, na jina lake halikuingia kwenye makabrasha.

Zabuni tuliikosa. Vyeti vitatu vilikuwepo, ila kipengele cha mwisho kilitaka mmoja wetu awe pia na cheti cha kimataifa cha usimamizi wa miradi, na hakuna aliyefika mpaka ukurasa huo. Jana bosi kaniita tena. Huo mtihani una maswali 180. Nimeulizia: nao, ukiufanyia nyumbani, hauruhusu kuitikia hodi.