Bora ni Upi, au ni Ipi?

Shemeji yangu anauza mchele karibu na stendi ya Ifakara. Tangu siku aliyonisikia nikimjibu mzungu mmoja "Guten Morgen" pale mashineni, mimi ndiye ofisi yake ya tafsiri. Ofisi haina mshahara. Malipo ni chenga za kulishia kuku.

Juzi kaja na mfuko mtupu wa kilo mbili, umeandikwa kwa Kiingereza, herufi kubwa nyekundu: THE BEST OF KILOMBERO.

"Shem, nigeuzie hayo kwa Kijerumani. Wageni wa Uswisi wanapenda kuondoka na zawadi. Maneno manne tu."

Maneno manne tu! Watu wanadhani tafsiri ni kama kukoboa: unamwaga mpunga huku, mchele unatoka kule.

Wajerumani walipotutawala walituachia neno shule, wakaondoka na der, die, das zao. Wenye kutuletea Kijerumani huku bondeni baadaye ni Waswisi. Profesa Rudolf Geigy wa Basel alifika Ifakara mwaka 1949, na maabara aliyoianzisha ndiyo iliyozaa taasisi ya utafiti wa afya tunayotambia leo. Changu nimekiokota kwa masikio kutoka kwa Waswisi waliomfuata, na Kijerumani chao cha mdomoni hakifanani na cha vitabuni. Ikabidi nifungue kamusi.

Kero ikaanzia hapo. "The best" ya Mwingereza ni gunia lililoshonwa mdomo: hujui ndani kuna mmoja au wengi, mtu au kitu. Mjerumani hataki gunia la hivyo, anataka ufungue uhesabu. Der Beste, mwanamume mmoja. Die Beste, mwanamke mmoja. Die Besten, wengi. Das Beste, kitu kilicho bora, basi. Ukiteleza herufi mbili, mgeni anashuka Basel na mfuko unaodai ndani yumo bingwa wa kiume wa Kilombero, kilo mbili.

Wala tusimcheke Mjerumani. Geuza mfuko uleule upande wa pili: "Bora kuliko wote." Wote kina nani? Mchele wote, au watu wote? Mama ntilie mmoja aliusoma, akashusha sufuria: "Yaani mchele unatuzidi hata sisi?" Ukijifanya mjuzi ukaandika "kuliko yote", lazima kwanza ukubali kwamba kuna michele, na sisi mchele hatuuhesabu, tunaupima.

Basi nikamwuliza shemeji, kwa nia njema kabisa ya kisarufi: "Hiyo bora yako ni mmoja au ni mingi?"

"Ni mchele."

"Najua ni mchele. Bora ni upi, au ni ipi?"

Akatazama pembeni. Akaanza kuukunja mfuko taratibu, mara mbili, mara nne, mpaka ukawa kama leso.

"Shem, umetumwa na watu wa vipimo?"

Mkulima yeyote wa bonde hili angeshaelewa. Supa unanukia mpaka jirani anakuja kusalimia, lakini shamba lake halijazi gunia kirahisi. Saro, ile mbegu ya TXD 306, inazaa hasa, ila harufu ile haina. Ukiichanganya, jicho la mgeni halioni kitu. Kumbe miaka yote hiyo Kiingereza kilikuwa kinamtunzia siri shemeji yangu!

"Nusu kwa nusu," akanong'ona. "Lakini yote ni ya Kilombero."

"Umesema yote. Kwa hiyo ni mingi. Tuandike die besten, halafu chini tuzitaje mbegu zote mbili."

Akasema wino wa rangi umepanda bei.

Tumeishia kuandika Reis aus Ifakara. Mchele kutoka Ifakara, hauna ubora wala kuliko, na hakuna wa kuhesabu. Nimelipwa debe la chenga; supa au saro, kuku hawajasema. Wewe ukikutana na mfuko huo, mwambie akufungulie, chota kiganjani, unuse kabla hujatoa hela.